Gunia la Uvunguni mwa Mwanamisi

Nitawasimulia, lakini asiyejua kucheka kwa adabu aondoke sasa, maana mimi, mke mkubwa wa Hamisi, mtu mzima na watoto wangu wanne, nilisimama mlangoni mwa jiko la hoteli kule Galu kiini cha yai kikinichuruzika puani, na aliyenitia aibu hiyo ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Hamisi alikuwa mhudumu hotelini (kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, anajiona liwali), akatuletea kuku weupe wa kizungu, kumi wangu na kumi wa Mwanamisi, mke mdogo, tuwafuge bandani bila kuwatoa. Mpishi wa hoteli alitaka mayai, ila achukue kwa mtu mmoja tu, na Jumamosi tuliyopangiwa tupeleke sote aone. Nikaapa mtu huyo ni mimi, kwa sababu zamu yangu ya kupika Hamisi anakula kimya, zamu ya Mwanamisi ni "mashallah" mpaka majirani wasikie. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki, sifichi.

Siku moja Mwanamisi akaja na debe la chakula cha chengachenga.

"Shikamoo dada. Hiki ndicho cha kuku wa kutaga, kina chokaa ya kufanya ganda gumu. Wape hiki."

"Marahaba," nikamjibu, nikalipokea kwa tabasamu la Idi. Lakini nani amewahi kupewa kizuri na mke mwenza? Asubuhi ile ile nilikuwa nimechungulia chumbani mwake nikaona gunia jingine uvunguni mwa kitanda, chakula laini kama unga wa ngano, nikajiambia ahaa, siri ndiyo ile, hiki cha debe ni cha kunipumbaza. (Na kwamba mle chumbani mlikuwa na vifaranga ndani ya kasha, niliwaona kwa macho yangu na kuwasikia wakilia, wala akili haikuunganisha!) Cha debe nikawamwagia bata wa jirani. Nikaenda dukani Ukunda nikaomba kile kilaini, mwenye duka akaniuliza, "Una vifaranga wangapi, mama?" nikamwambia nipimie, hayakuhusu.

Kuku wangu wakataga, tena mayai makubwa, ila ukiyashika ganda linabonyea kidogo, nami nikasema ndio upya wake huo. Jumamosi nikayapanga kikapuni, nikajitwika, nikatoka kabla ya Mwanamisi. Nikamsikia nyuma, "Dada, ningoje twende pamoja!" ndiyo kwanza nikaongeza mwendo, karibu natimua mbio, nifike wa kwanza. Mlangoni mwa jiko nikahisi jasho, nikajipangusa, jasho la manjano.

Mpishi akanitazama juu mpaka chini. "Mama, mayai hapa huwa tunayavunja wenyewe."

Jiko zima likaangua kicheko. Kikapuni halikusalia hata moja zima, na Hamisi alikuwa pale pale na sinia lake mkononi, akageukia ukutani kama hanijui.

Mwanamisi akafika, akatua kikapu chake, mayai yote mazima, akachukua ncha ya leso yake akanipangusa uso taratibu. "Dada, uliwapa nini?"

"Cha uvunguni," nikasema.

Akaikamua leso yake. "Kile ni cha vifaranga. Mimi nakuja mpaka kwako na debe, halafu nikufiche?"

Nilitamani anitukane. Badala yake akamgeukia mpishi akamwambia kuku wa dada yake ni wazima, wakila cha kutaga watataga vizuri, basi ahesabu nyumba yetu moja kuwa ni mtu mmoja, sisi tutaleta kwa zamu. Mpishi akakubali. Na Hamisi, wallahi, akasema "mashallah".

Nilirudi nyumbani na nusu ya kazi niliyoitaka yote, nimepewa na yule yule niliyemkimbia njiani. Tangu siku hiyo nimeapa, atakachoniletea Mwanamisi nitakipokea kwa mikono miwili na kukitumia alivyoniambia. Lakini wivu bado ninao, maana hata kwa wema kanishinda.