Siku server mpya ilipotaka diski ya kilo za wakulima, Kimulot

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii niliiona kwa macho yangu, sijatia chumvi.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Asubuhi moja nilitoka Mulot bila mpango wowote. Niliacha shule mapema na sikujua kutulia mahali pamoja. Lori la kukusanya majani ya chai likanibeba mpaka kiwanda kimoja upande wa Kimulot.

Getini walikuwa wanatafuta mtu wa kusaidia kubeba server mpya, ile kompyuta kubwa ya kuhifadhi hesabu za kiwanda. Nikajitolea.

Chumba cha kompyuta kilikuwa chini ya Madam Akoth, mama aliyetoka upande wa ziwa. Aliponiona nimekodoa macho akacheka.

"Kijana, kama unataka kuuliza, uliza. Usimeze mate tu."

Nikauliza! Akanionyesha kabati lililojaa diski. Server ya zamani ilihifadhi humo hesabu ya kilo za majani za kila mkulima, anazolipiwa. Hii mpya, ya mishahara, ingetumia kabati hilohilo, lakini diski yake tofauti.

Shida ni kwamba tepu ya backup, yaani nakala ya akiba, ilikuwa imeharibika. Kilo za wakulima zilikuwa kwenye diski ile peke yake.

Fundi wa kutoka Nairobi akaunganisha waya, akawasha. Server mpya ikaona diski zote. Ile ya wakulima haikuielewa, ikadhani ni tupu, ikauliza kama iandike alama yake juu ya diski hiyo. Fundi akapeleka mouse kwa Yes.

"We! Wacha hiyo kitu!"

"Madam, si ni swali ya kawaida tu?"

"Kwako. Hiyo ni chai ya watu!"

Alama hiyo ingeandikwa juu ya mwanzo wa diski, na kilo zingepotea. Fundi akabonyeza No. Alikuwa ameacha kabati wazi, kila server ione diski zote, akidhani anarahisisha kazi.

Madam akanigeukia. "Mkulima akipeleka majani kituo ambacho si chake, karani anampimia?"

"Hapana. Anaambiwa arudi kwake."

"Basi kabati pia ijue nani ni wa wapi."

Kumbe kadi inayounganisha kila server na kabati ina namba yake. Wakaandika kwenye kabati ni namba gani inaruhusiwa kuona diski gani. Wanaita masking. Wakawasha tena: server mpya ikaona diski yake tu. Ya zamani ikafungua kilo, zote zipo.

Jioni Madam akanielekeza kwa kogo mmoja, nyanya wa Kikipsigis aliyekuwa na chumba cha kupangisha karibu na soko. Akasimama mlangoni, hanipishi.

"Wewe umetoka kiwanda? Tunasikia kompyuta imekula kilo zetu."

"Haijakula, kogo. Nimeziona, ziko."

"Hata yangu?"

"Hakuna ya mtu iliyopotea."

Akashusha pumzi, akasogea kando. "Basi ingia. Maziwa iko."

Nilichojifunza: usiionyeshe server kisicho chake, hata kama unamwamini aliyeiwasha. Na Madam Akoth, popote ulipo, asante. Hukuniuliza cheti, uliniacha niulize.

Wakuu wa IT, siku hizi mnafungia kwenye storage yenyewe, yaani kabati la diski, au kwenye switch inayoziunganisha server na kabati? Nielezeni, mimi bado nauliza.