Kopo la Poda

Mungu anisamehe, juzi nilimcheka mama mmoja. Matokeo ya mtihani wa serikali yalikuwa yametoka, na kwenye kibanda cha simu pale Mikelenge, tunakoangaliziwa matokeo, waliofaulu walikuwa wanamwagiwa poda kichwani kwa shangwe. Mama naye alishika kopo lake, halijafunguliwa, akamwambia muuza simu:

“Dada, niangalilie ya mutoto wangu.”

“Alifanya mwaka gani?”

“Wakati ya vita. Makaratasi ilienda Kinshasa, majibu haikurudi.”

“Ee mama! Simu haifike kule nyuma,” muuza simu akajibu, nasi tukacheka. “Arudilie tu mutihani.”

“Alikufa akingali anangoja. Kama alifaulu, nimumwagie poda kwa kaburi.”

Nikamwomba mama jina la mtoto, nikaliandika.

Ndugu unayetunza matokeo ya zamani huko Kinshasa, jina la mtoto ninalo. Tafadhali mtafute. Hata kama alianguka, mama yake aambiwe.