Barua ya Encadrement

Kosa la Mama Geneviève lilikuwa neno moja tu, tena neno zuri. Alikuwa chef d'avenue, musimamizi wa barabara moja, huko Lumumba, katika muji wa Bunia, na tangu vita ifunge masomo, vijana wa avenue yake walishinda wakiegemea kuta bila kazi. Akakusanya kumi na wawili ndani ya lupango yake, ua wa nyumba, awafundishe kushona. Mashini moja, vijana kumi na wawili! Ndipo akamuandikia mukubwa wake, chef wa quartier, Muzee Tharcisse, kuomba chumba na vyombo "kwa ajili ya encadrement ya vijana," yaani kuwalea na kuwafundisha kazi. Na kwa kuwa zamani alikuwa mwalimu, na mwalimu haachi kazi nusu, akaandika chini yake majina yote, miaka yao na nyumba zao.

Muzee Tharcisse hakuwa na chumba, hata sindano. Lakini mukubwa kukosa jibu ni haya, basi akaisukuma ile barua mbele, kwa wale waliokuwa na bunduki wakati ule. Ee Mungu, Geneviève hakujua neno lile lilikuwa limegeuka nini! Mwaka ule kila kikosi kilikuwa na encadrement yake: leo mutoto amepelekwa, kesho unamuona na bunduki inayomupita urefu.

Jibu likaja Alhamisi asubuhi: komanda mumoja na askari watatu. Geneviève aliona karatasi mukononi mwa komanda, akatambua mwandiko wake mwenyewe. Vijana hawakuwapo, haikuwa siku yao ya kushona. Lakini Dany, mutoto wake wa miaka kumi na tano, naye mumoja wa wale kumi na wawili, alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

"Mama chef, aksanti kwa barua," komanda akasema kwa adabu. "Sasa batoto beko wapi?"

"Balishatawanyika, komanda. Ni vita."

Akaanza kumusomea jina moja moja. Aimé? Alishaenda Bambu kuchimba dhahabu. Tina? Iko Kilo, kwa shangazi yake. Mireille? Alikimbilia Beni. Jasho lilimuteremka mugongoni, akiogopa asije akamupeleka mutu mumoja mahali pawili. Komanda aliandika kila neno.

"Dany." Hapo akainua macho. "Huyu ni wako. Usiniambie Bambu. Mama anajua mutoto wake iko wapi. Utatupeleka."

Pazia lilikuwa hatua tatu nyuma yake.

"Alishakufa," akasema.

Hakuna mama wa kwetu anayetamka neno hilo juu ya mutoto muzima; ni kuita kifo nyumbani na kukionyesha kitanda. Komanda alilijua hilo, maana na yeye alizaliwa na mama. Akavua bereti. "Pole, mama." Akapiga mustari juu ya jina. Lakini hakuondoka. Alisimama mulangoni na askari wake, wakimuangalia.

Ng'ambo ya ua, jirani yake Kahindo alikuwa amesikia. Akapiga yowe: "Dany! Yoo, Dany wetu!" Kufumba na kufumbua wanawake wa avenue wamejaa, wengine na unga wa ugali mikononi, wakaketi chini kama watu wanavyoketi penye kilio. Kahindo akamukumbatia. "Lia, mama Dany. Usijizuie."

Naye Geneviève hakuweza kumunong'oneza Kahindo kwamba Dany ni muzima, maana askari walikuwa wanaangalia. Mama gani aliyefiwa mwenye macho makavu? Akafungua mudomo akidhani atajilazimisha. Wapi! Woga wote wa asubuhi ile ukatoka kwa sauti, asiweze kuufunga tena, na ndani ya kilio akaogopa jambo moja tu: mutoto yule alifundishwa tangu udogo kuitika mama yake anapoita.

"Dany!" alilia. "Dany, mwanangu, usiniitikie! Usiniitikie tena!"

Wanawake wakazidi kulia. Nyuma ya pazia, Dany aliziba mudomo wake kwa mikono miwili.