Siku Nilimulaza Mama na Jina ya Mama Mukwe

Bamama, munisikilize bila kucheka, sababu hii habari hata ku maombi nilikawia kuisema, haya yake ingali inanichoma uso kila nikipita pale hospitali. Miye Mama Chanda, mwenye kuongoza ibada ya bamama, mwenye kusoma shule ya mangaribi mpaka nikajua kujaza fomu miye mwenyewe, nilidanganya mbele ya batu, na mwenye kunishitaki alikuwa mama yangu wa kunizaa.

Ile asubui Mama alifika toka kijiji yake Kafutuma miguu imevimba, pumzi fupi-fupi, anasema neno moja anapumuzika. Karte ya asiransi, ile bima ya kutibiwa ku hospitali, hana. (Kosa ni yangu: kila batu ya asiransi bakikuya kuandikisha bazee nasema wiki ijayo, wiki ijayo, mara mazishi, mara kwaya.) Lakini mama ya bwana yangu alikuwa na yake, na inakaaka kwangu sababu ni miye namupelekaka kupima tansio, presha ya damu. Nikaangalia ile picha ya ku karte: bibi mwenye kitambaa ku kichwa. Nikasema, nani ataona tofauti? Nikaitia mu saki, mukoba yangu, nikamuambia Mungu, Baba utanisamehe, tukaenda.

Kumbe nilisahau kitu moja. Kwetu muke hatajake jina ya mama mukwe, ni heshima ya bukwe, tangu niolewe haijatoka mu kinywa yangu hata siku moja, hata jirani mwenye ile jina namuitaka tu "yule wa ku kisima".

Nesi wa ku dirisha akashika karte. "Jina ya mama yako?"

Nikanyosha kidole. "Iko pale ku karte."

"Naiona. Nataka uniambie weye."

"Ni... ni Mama."

"Mama nani? Haujue jina ya mama yako?"

Batu ku mustari bakaanza kugeuka. Nyuma yangu namusikia Mama ku benchi anavuta pumzi kama mutu anapanda kilima, nikajikaza, kinywa ikafunguka, haikutoka kitu. (Kudanganya niliweza, kutaja jina nilishindwa! Muone zambi yangu inavyochagua.)

Nesi akachoka, akaita mwenyewe ile jina ya ku karte: "Bamayo Monika Kasuba!"

Mama hakusimama. Nikamunong'oneza, "Mama, itika, ni weye."

"Miye?" Ile pumzi sijui aliitoa wapi. "Monika ni mama ya bwana yako! Miye ni Elizabeti. Nilibatizwa Elizabeti, sitakufa na jina ya mwengine!"

Na mu mustari, Mama Agnesi wa ibada yetu: "Awe, hapana! Monika nilimuacha sasa hivi ku pwani, anaanika chisense, bile bisamaki bidogo!"

Batu bakacheka. 

Nesi akakuya mpaka kwangu. Hakupiga kelele. "Mama, huyu bibi moyo yake imechoka, naona na macho. Akikufa leo, nitaandika jina ya ku karte. Mukwe wako atakuwa mufu ku makaratasi, siku atagonjwa batamufukuza ku dirisha. Na mama yako atazikwa, na mu kitabu yetu hakuna Elizabeti mwenye alikufa. Ulifikiri ile?"

Sikufikiri. Nikapiga magoti.

"Simama. Tunatibia mutu kwanza." Bakamusukuma ndani, bakamutia hewa ya chupa. Alafu nesi akarudi: "Na ujue, bazee wa miaka yake habalipake ile asiransi. Ilikuwa kumuandikisha tu, na kitambulisho yake."

Bure! Zile wiki zangu zote za kuahirisha, juu ya kitu ya bure.

Habari ilikimbia kunipita. Saa sita mama mukwe akafika, magamba ya samaki ingali ku mikono, akasimama mbele yangu, batu bote banaangalia.

"Nasikia nimelazwa," akasema. "Jina yangu uliikopa. Basi itaje, nisikie."

Nikaangalia chini. Alingoja, weh, alingoja! Alafu akanipita, akaenda kukaa ku kitanda ya Mama, akashika ile miguu ya kuvimba, akaiweka ku mapaja yake. "Dada, huyu mutoto wetu ni mujinga. Lakini hakutaka ukufe."

Munganga alituambia wazi, moyo haitarudisha nguvu, yenye kubakia ni kumupunguzia maumivu, na Mama akachagua nyumba yake. Ile wiki tukamuandikisha, na jina yake, dawa tukapata, akalala Kafutuma mwezi moja na kidogo, miye na mama mukwe tunapokezana kumugeuza, mpaka Bwana alimuita.

Basi bamama, mwenye kuwa na muzee mu nyumba amupeleke kumuandikisha angali anatembea. Miye nimeapa mbele ya Mungu, kudanganya juu ya mugonjwa hapana tena. Mungu nazani alinisamehe. Mama mukwe bado: nikivaa viatu tu niende soko, anapaaza sauti toka nje, "Mama Chanda! Leo unaenda kuwa nani?"