Bi Somoe kaiachia barabara yetu

Jamani, leo diwani wetu kaiachia barabara yetu, na bado namvulia kofia!

Nilikwenda kusikiliza kikao cha bajeti cha halmashauri. Kimeahirishwa mara kibao, muda umepita, na zahanati haina dawa. Leo tena madiwani wakaanza: barabara ianzie kata ya nani? Makelele matupu. Mwenyekiti akataka kuahirisha.

Diwani wetu, Bi Somoe, akasimama.

"Mwenyekiti, waanzie kwa mwenzangu wa kata jirani. Sisi tutasubiri. Ila bajeti ipite leo, watu wanaumwa."

Mwenyekiti akaita kura.

(Na masika kwetu hata bodaboda ya kwenda Lindi haipiti!)

Bajeti ikapita.

Nje tulimsubiri, wengine tumenuna. Akatuambia, "Nimeiachia mimi. Anayetaka kunigombeza, nipo."

Kisha Bibi Hadija, ambaye mjukuu wake ana kifafa na dawa zimemwishia, akamsogelea.

"Shikamoo, mwanangu."

Mkubwa kumwamkia mdogo! Bi Somoe machozi yakamlengalenga.

"Bibi, hiyo siwezi kuipokea."

"Ipokee."

Ingekuwa nyie, mngeitikia?