K. Arhin wa Karakana ya Reli

Siku za kazi, Profesa Araba Essilfie alifundisha historia chuoni Cape Coast, na wanafunzi walimwogopa kwa swali lake moja: "Umejuaje?" Jumamosi alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kwenye kibanda cha fundi matairi kucheza drafti na wanaume. Alikuwa mwanamke pekee pale, na hakuna aliyemwonea huruma.

"Profesa, kingi wako kalala na viatu!" alipiga kelele Attobra, mwashi, akimla kete tatu kwa mkupuo. "Hapa hakuna vitabu. Hapa unafungwa ukiwa macho!"

"Kula taratibu, kaka, usije ukapaliwa."

Jumamosi moja alikuja mgeni, mzee mrefu aliyewahi kuwa dereva wa treni kule Sekondi. Aliwafunga wote. Zamu ya Araba ilipofika, mzee alizikusanya kete akazirudisha kwenye kopo.

"Wewe sichezi nawe."

"Unaogopa kufungwa na mwanamke?" Attobra alicheka.

"Niogope nini? Huyu ndiye aliyeandika kwamba baba yangu aliwauza wenzake. Mimi ni Kwesi Arhin."

Miaka kumi na tisa nyuma, kitabu cha mgomo wa karakana ya reli ndicho kilichompa Araba uprofesa. Humo alieleza barua aliyoikuta kwenye nyaraka za zamani: majina ya viongozi wa mgomo, yamepelekwa kwa meneja Mzungu, na chini yake saini ya K. Arhin. Miongoni mwa wagomaji alikuwamo Kobina Arhin, fundi wa boila. Araba alikuwa kijana na ana haraka. Akaunganisha.

"Mzee wangu, barua ipo," alisema kwa upole. "Niliishika kwa mikono yangu."

"Ina saini?"

"Ina saini. Tena nzuri."

"Baba hakujua kuandika hata jina lake. Alikuwa akichovya kidole gumba kwenye wino. Sasa wewe, umejuaje kuwa ni yeye?"

Araba aliaga, akaondoka bila kucheza.

Jumatatu alikwenda Sekondi, kwenye chumba cha nyaraka chenye vumbi la kukohoza. Siku ya pili alilipata daftari la kukabidhi vifaa karakanani. Kobina Arhin, nyundo mbili: alama ya kidole gumba. Kobina Arhin, spana: kidole gumba. Kurasa kumi na moja, hakuna saini hata moja. Siku ya tatu aliipata orodha ya makarani wa ofisi ya meneja, na humo Kwamena Arhin, ambaye hakuwa hata jamaa ya Kobina. Kwenye jalada la karani huyo alikuta barua yake ya kuomba likizo, akaiweka kando ya ile ya majina. Mwandiko ulikuwa mmoja.

Araba alikaa pale na mikono mapajani. Orodha ile ilikuwa rafu ya pili tu kutoka alikoikuta barua. Hakuwahi kugeuza shingo.

"Kitabu kikichapwa tena, badilisha mstari mmoja basi," mwenzake idarani alimshauri. "Nani atajua?"

"Wanaojua tayari wanajua. Ni mimi niliyekuwa sijui."

Aliandika makala kwa jina lake mwenyewe, akieleza kosa lake hatua kwa hatua, akaitoa kwenye jarida lilelile lililokuwa limekisifu kitabu chake. Kisha alibeba chupa ya pombe ya jini, kama wafanyavyo kwao waliokosa wanapokwenda kuomba radhi, akaenda nyumbani kwa akina Arhin. Kwesi alimkaribisha bila tabasamu. Dada yake mkubwa, Maame Efuwa, alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi. Araba alipiga magoti, akawasomea makala yote.

"Mama yangu aliuza samaki sokoni," alisema Maame Efuwa alipomaliza kusomewa. "Umbea ulikuwapo hata kabla yako, mwanangu, ila ulikuwa unakaribia kufa. Wewe ukauandika. Watoto wa shule wakawa wanamsomea mama kitabu chako akipita. Leo yuko kaburini. Haya maneno mazuri nani atampelekea?"

"Hakuna, Maame. Nimekuja kusema nilikosea."

"Umekosea, ndiyo." Bikizee aliichukua chupa, akaiweka miguuni pake bila kuifungua. "Kinywaji chako nimekipokea. Kukinywa, tutaona. Lakini kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Basi hapo ulipomwandika baba K. Arhin, hiyo K iondoe. Andika Kobina. Andika alitengeneza boila miaka ishirini na sita, na alikuwa anaimba vibaya kanisani lakini kwa sauti kubwa."

Kwesi aligeuza uso, mabega yakimtikisika; Araba hakujua kama ni kicheko au kilio. Alifunua ukurasa mtupu wa daftari lake, akaandika jina lote, herufi kwa herufi, huku bikizee akimsimamia begani kana kwamba anajua kusoma.