Aliyekuja Kumuulizia Mwenye Sauti

Ilikuwa Februari, uhuru ungali mchanga, ilipopotea meli ya mizigo iliyotoka kisiwa cha Nosy Be kuja bandari ya Mahajanga. Siku hiyo nami nilimpoteza mume wangu, ingawa alirudi nyumbani kwa miguu yake. Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Sina faida ya kuyatunga.

Mume wangu, Abdu, alifanya kazi kituo cha hali ya hewa, mjini Andoany, kisiwani humo humo. Yeye ndiye aliyeipa meli habari ya kimbunga kwa redio, na nahodha akamjibu kwamba wameshachelewa kugeuka. Tangu hapo mpaka redio ikanyamaza, Abdu hakuwa na la kufanya ila kusema, "Nakusikia, bwana. Nakusikia."

Wenzake walimtania. "Wewe hukulowa hata kola ya shati, unaumwa nini?" Walidhani wanamchangamsha. Tukahamishiwa Mahajanga, tukapanga nyumba mtaa wa Ampisikina, lakini neno lile alihama nalo. Yuko anakula, mara anainua kichwa: "Nakusikia."

Kiangazi kilipokolea, adhuhuri moja, nilikuwa napepeta mchele barazani. Mtu akasimama mbele yangu, maji yakimchuruzika mikononi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Mtu analowa wapi?

"Bweni," aliniita kwa adabu, yaani "bibi" kwa Kingazija, "mwenye sauti yupo?"

"Yuko kazini. Una shida gani naye?"

"Mwambie anyamaze. Kila akituitikia tunageuka kumtazama. Hatufiki."

Niliinama kuweka ungo chini. Nilipoinuka hapakuwa na mtu, ila sakafu imelowa. Niliyaonja yale maji. Niamini, yalikuwa ya chumvi.

Jioni nilimwambia Abdu. Hakushtuka.

"Nikinyamaza," aliuliza, "watabaki na nani?"

"Watabaki na Mola wao. Na mimi je, nibaki na nani?"

Aliinamisha kichwa kukubali. Neno lile hakulisema tena. Lakini tangu usiku huo nami akawa hanisikii. Nilimwita nikiwa ubavuni pake, hakuitika.

Kama unaye mtu ambaye kazi yake ni kusikia wengine wakifa, usimwambie kwamba yeye hakulowa.

Mvua ziliporudi, Abdu alifariki. Waosha maiti walipokuwa wakimwosha, mmoja wao alitoka akaja mlangoni kwangu, akaniuliza taratibu kama marehemu alikuwa ameoga baharini, maana walipomgeuza ubavu, masikio yake yalitoa maji, na hayakuwa yakikoma.